Mboji haiondoi risasi ardhini

Anayelima mchicha kando ya gereji, barabara kuu au jaa la zamani huambiwa amwage samadi, udongo utapona. Ushauri huo ni kweli nusu. Risasi, ile metali ya kwenye betri, pamoja na kadimiamu na aseniki, ni sumu zisizooza. Mboji huzishika tu baadhi yake, zisiyeyuke majini zikafyonzwa na mizizi.

Mombasa tuna sababu ya kulijali hili. Kule Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Lakini risasi iliyokwisha kuingia ardhini haiondoki kwa sababu kiwanda kimefungwa.

Risasi ndiyo inayotulizwa vyema na mboji iliyoiva: hung'ang'ania chembe za mboji, na fosfati, kirutubisho kilichomo, huigeuza kuwa madini magumu kuyeyuka. Aseniki ni kinyume. Fosfati hiyohiyo huisukuma kutoka pale iliposhikwa, ikaingia majini. Shaba nayo huvutwa na maji meusi ya samadi mbichi. Kwa hivyo pima udongo kwanza, na uitajie maabara kuwa unataka ipime metali nzito kama hizi, maana kipimo cha kawaida huishia kwenye rutuba na uchachu.

Chunguza pia hiyo mbolea yenyewe. Samadi ya kuku wa kisasa huweza kubeba shaba na zinki za chakula chao, na mboji ya taka za mji zisizochambuliwa huja na mabaki ya betri na rangi. Mimi ningechagua samadi ya ng'ombe iliyoiva, nichanganye na makaa ya vifuu yaliyosagwa. Vifuu hatuna uhaba navyo, na makaa hayaozi upesi. Mboji huisha haraka kwenye mchanga wetu na joto hili, na ikiisha, kilichoshikwa huanza kuachiliwa. Iongeze kila mwaka. Kama kisima chako kina maji ya chumvi, jihadhari zaidi: chumvi huirahisishia kadimiamu kuingia mmeani.

Hata baada ya hayo, usipande mboga za majani wala mizizi kwenye udongo uliothibitika kuwa na risasi nyingi. Bamia na biringani huwa na nafuu, bora zioshwe vumbi. Mchicha na karoti vipandwe kwenye magunia ya udongo safi uliotolewa kwingine, na vijia vifunikwe kwa makumbi ili watoto wasichezee vumbi.