Namna ya Kumwandika Mhusika Anayebanwa na Nafsi, Ukoo na Jamii katika Hadithi Fupi

Miswada mingi ya hadithi fupi ninayoletewa na waandishi chipukizi wa hapa Moshi ina mhusika anayekandamizwa, na karibu yote ina kasoro ileile: mkandamizaji ni mtu mmoja, ana sauti kubwa, mara nyingi ni baba mlevi au mjomba mwenye fimbo, na msomaji anamtambua tangu aya ya kwanza. Watu wa namna hiyo wapo, wala sikatai. Hata hivyo, ukandamizaji unaodumu vizazi na vizazi hauhitaji fimbo kila siku, kwa kuwa jamii huweka mpaka, ukoo ukaulinda, na mhusika mwenyewe akajirudisha nyuma kabla hajaufikia. Mwandishi wa riwaya ana nafasi ya kuyaeleza hayo matatu kwa zamu, lakini mwandishi wa hadithi fupi mwenye kurasa nane au kumi hana budi kuyakutanisha katika tukio moja.

Anza kwa kuandika, pembeni kabisa mwa hadithi, sentensi moja ambayo mhusika wako hawezi kuisema. Isiwe wazo la jumla kama “anataka uhuru”, maana wazo la namna hiyo halina wa kuambiwa. Iwe sentensi kamili, yenye mtu anayeelekezewa na mahali ambapo ingepaswa kutamkwa. Tuchukue mhusika wa kubuni, tumwite Manka, fundi cherehani anayeshonea barazani mwa duka mjini Moshi, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akipanda Kibosho, kwao mlimani, kila jioni kumuuguza baba yake. Baba amefariki, mazishi yamekwisha, na ukoo umekaa kuzungumzia kihamba, yaani shamba la urithi linalozunguka nyumba ya wazazi. Sentensi ya Manka ni hii: “Baba mkubwa, mimi ndiye niliyemuuguza baba, nami naomba sehemu yangu ya kihamba.” Ukishaiandika, iweke mbali. Hadithi yako itazunguka sentensi hiyo bila kuitamka.

Baada ya hapo uliza ni nani anayeizuia, na usikubali jibu la kwanza linalokujia. Kwa upande wa jamii, mila ya Wachaga imekuwa ikiwapa kihamba watoto wa kiume, mzaliwa wa kwanza na kitinda mimba wakiwa na nafasi ya pekee, na kitinda mimba ndiye anayebaki kwenye nyumba ya wazazi, ilhali binti anahesabiwa kuwa wa huko atakakoolewa. Wakati huohuo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtambua mwanamke kuwa na haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Mwandishi anapaswa kuzijua zote mbili, mila na sheria, kwa sababu hadithi inaishi katika pengo lililo kati yake. Napendekeza Manka aijue sheria hiyo vizuri, awe ameisikia redioni huku mguu wake ukiwa kwenye cherehani, kwani mhusika asiyejua haki yake anatuhuzunisha tu, lakini anayeijua na bado akanyamaza anatulazimisha tumchunguze. Kishawishi kikubwa hapa ni kumleta mwanasheria au ofisa maendeleo ya jamii katika ukurasa wa mwisho aje kuhutubia. Mwache ofisini kwake.

Kwa upande wa ukoo, usimruhusu mtu yeyote aseme “hapana”. Ukoo unaojua kazi yake haukatazi, unasifu. Shangazi anaweza kusema mbele ya wageni kwamba Manka hana makuu, kwamba tangu utotoni hajawahi kumpandishia mtu sauti, na kila mtu akatikisa kichwa kwa kukubali, na baada ya sifa hizo Manka atafunguaje mdomo? Mama naye anaweza kusema tu, “Mwanangu, leo kuna wageni.” Maneno manne, hayana ukali wowote, na yanatosha kabisa.

Upande wa nafsi ndio unaowashinda wengi. Rasimu ya kwanza kwa kawaida huwa hivi: “Manka alihisi uchungu mkubwa moyoni. Alitaka kusema lakini aliogopa mila kandamizi za ukoo wake.” Kila kitu kimesemwa na hakuna kilichoonekana, aidha, hakuna mtu ambaye moyoni mwake hutumia maneno “mila kandamizi”, isipokuwa anajibu swali la mtihani wa fasihi. Linganisha na rasimu hii:

“Baba mkubwa aliuliza kama kuna mwenye neno. Manka akasimama. Wanaume wawili wakageuka kumtazama, na mdogo wake akaacha kuchezea simu. ‘Chai imepoa,’ Manka akasema, ‘ngoja niwaletee nyingine.’ Akakusanya vikombe vyote, hata cha mama yake kilichokuwa bado kimejaa.”

Ili kusimama kwake kuwe na uzito, lazima msomaji awe amekwisha kuona, aya kadhaa nyuma, Manka akiifanyia mazoezi sentensi yake ndani ya Haisi ya Kibosho, midomo ikicheza, hata abiria wa jirani akadhani anasali. Msomaji anayejua kuwa ana neno atashtuka kusikia habari za chai. Kile kikombe kilichojaa usikifafanue. Huenda mama hakunywa kwa sababu naye alikuwa anasubiri bintiye aseme, huenda ni majonzi tu. Ukichagua jibu moja na kuliandika, umemnyima msomaji kazi yake. Angalia pia kwamba aliyemzuia Manka katika dakika ile ni Manka mwenyewe. Baba mkubwa ameuliza, tena kwa adabu, na baadaye atakuwa na haki ya kusema kwamba hakuna aliyekataliwa kuzungumza.

Lugha yenyewe inakupa zana ambazo waandishi wetu wanazitumia kwa uvivu. Methali, kwa mfano, huwekwa mwishoni mwa hadithi kama funzo, ilhali katika maisha methali mara nyingi ni namna ya kufunga mjadala: mzee akishasema “funika kombe mwanaharamu apite”, anayeendelea kuuliza ndiye anayeonekana hana adabu. Kwa hiyo mpe methali yule anayebana, usimpe anayebanwa, na usimpe msimulizi. Salamu nayo ina nguvu kubwa kuliko inavyodhaniwa. Binti aliyedhulumiwa na baba yake mdogo bado anapaswa kumwamkia “shikamoo” kila asubuhi, na ukiiandika salamu hiyo mara tatu katika hadithi, mara ya tatu ikiwa na “marahaba” iliyochelewa kidogo, hutahitaji kueleza dhuluma kwa kirefu.

Kwa wanaoandika kuhusu Uchagani ipo zana nyingine yenye utata mkubwa zaidi, nayo ni jani la isale. Anayeletewa isale na mtu aliyemkosea anatarajiwa kusamehe, na kukataa huogopwa kwamba kutaleta laana. Ni desturi yenye hekima, imemaliza ugomvi mwingi ambao ungeishia kwenye mapanga. Lakini jiulize inakuwaje jani hilo likiletwa na mtu mzima kwa msichana wa miaka kumi na sita ambaye hakuna aliyemuuliza alitendewa nini, mbele ya wazee waliokwisha kuketi na mbege, pombe ya ndizi, imekwisha kumiminwa. Kitu kilekile kinachoponya kinageuka kufuli. Hadithi inayoliona jani hilo katika pande zake zote mbili itakuwa na ukweli kuliko ile inayoilaani desturi yote au kuitukuza yote.

Amua mapema hadithi yako inatokea mwaka gani, hata kama hutautaja. Mwanafunzi aliyepata mimba mwaka 2018 alikuwa akiondolewa shule bila njia ya kurudi katika mfumo rasmi wa serikali. Tangu Novemba 2021, serikali iliporuhusu wanafunzi hao kurejea darasani, mlango uko wazi rasmi, na kinachombana ni macho ya wenzake, shangazi anayesema “upumzike kwanza”, na yeye mwenyewe anayepitia njia ya nyuma. Hizo ni hadithi mbili tofauti. Vivyo hivyo kwa ndoa: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2019. Ukirudi nyuma zaidi, hadi miaka ya Chama cha Ushirika cha Wakulima wa Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1933, utakuta kahawa ikihesabiwa kuwa mali ya baba na ndizi kuwa za mama. Mwanamke aliyechuma kahawa msimu mzima hakuwa na neno juu ya fedha yake. Kapu la kahawa mikononi mwa mwanamke wa enzi hizo linasema mengi bila kivumishi hata kimoja.

Kuhusu msimulizi, tofautisha mtu anayemeza maneno huku akijua na mtu ambaye hajui kwamba kuna kitu amekizika. Wa kwanza anafaa kusimuliwa kwa nafsi ya tatu iliyo karibu naye, kama tulivyofanya kwa Manka. Wa pili hupendeza katika nafsi ya kwanza, ingawa ni kazi ngumu, kwa sababu msomaji anapaswa kuona kile ambacho msimulizi mwenyewe hakioni. Sigmund Freud, daktari aliyechunguza yaliyofichika akilini, alieleza katika insha yake ya mwaka 1915 kwamba jambo lililosukumwa nje ya fahamu halimaliziki hapo; hurudi kwa sura nyingine. Kwa mwandishi, sura hizo ndizo malighafi: mama asiyemtaja mwanawe fulani lakini kila Krismasi, ndugu wanapopanda kutoka mijini, anapakua sahani moja zaidi na kudai alihesabu vibaya, kijana anayesafisha viatu vyake kupita kiasi kila anapotajiwa seminari. Chagua dalili moja tu kwa mhusika mmoja. Dalili tatu zinamfanya aonekane mgonjwa wa kitabuni.

Mwisho wa hadithi usiwe wa ukombozi wa ghafla. Manka akirudi na chai na kuhutubia ukoo mzima, utakuwa umeifuta hadithi uliyoijenga. Hata hivyo asibaki palepale alipoanzia. Kitu kidogo kibadilike, labda aache kumpigia mdogo wake simu ya kila Jumapili, labda amwambie mteja kuwa gauni halitakuwa tayari. Kisha mpe mswada msomaji mmoja unayemwamini na umuulize swali moja tu: nani alimzuia? Akijibu “baba mkubwa” bila kusita, rudi kwenye meza, umpunguzie baba mkubwa maneno. Akijibu “mama”, halafu akasema “hapana, ngoja”, akaanza kupekua kurasa akitafuta mahali pale pa vikombe, peleka kwa mhariri.