Namna ya kuongoza somo la Zaburi 37 mbele ya watu wasiokubaliana kuhusu urithi wa nchi

Mkatoliki, Mlutheri, Msabato na Shahidi wa Yehova wanaweza kuisoma Zaburi 37:29 kwa sauti moja, "Wenye haki watairithi nchi, nao watakaa humo milele", kisha kila mmoja akafunga Biblia yake akiwa na matarajio ambayo mwenzake hayakubali hata kidogo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyeombwa kuongoza somo la namna hiyo, iwe ni katika jumuiya ndogo ndogo, katika kikundi cha wanafunzi chuoni, au nyumbani kwa ndoa iliyokutanisha madhehebu mawili. Shauri langu ni moja, na mengine yote yanalitegemea: usitafute chanzo cha mabishano ndani ya mstari huo, bali utafute mstari wa pili ambao kila upande huuweka kando yake, kwa kuwa mara nyingi huo wa pili ndio unaoamua maana ya ule wa kwanza.

Kabla ya kufika huko, isomeni zaburi nzima. Ina aya 40, na katika Kiebrania imepangwa kwa kufuata herufi za alfabeti, jambo linaloeleza kwa nini wazo lilelile hurudi tena na tena badala ya kusonga mbele kama hoja ya wakili. Waombe wasomaji wapige mstari kwa penseli kila mahali panapotajwa kuirithi nchi. Watapata aya ya 9, 11, 22, 29 na 34. Kisha waulize ni watu gani wanaosimama upande wa pili wa ahadi hiyo. Zaburi inawachora waziwazi: mtu anayekopa asilipe (aya ya 21), watu wanaofuta upanga ili wamwangushe maskini (aya ya 14), mtu mwenye nguvu anayestawi mbele ya macho ya watu kisha akatafutwa asionekane (aya ya 35 na 36). Mzungumzaji ni mzee, asema hivyo mwenyewe katika aya ya 25, na anayeambiwa asikasirike ni mtu anayeona waovu wakifanikiwa leo, si katika zama za mbali.

Hapa ningekaa kwa muda mrefu kuliko viongozi wengi wanavyokaa. Katika Israeli ya kale shamba lilikuwa urithi wa ukoo, na Walawi 25:23 inakataza lisiuzwe kwa milele kwa sababu mwenye nchi ni Mungu. Pamoja na katazo hilo, Mika 2:2 inawalaani wanaotamani mashamba na kuyanyang'anya, na 1 Wafalme 21 inasimulia jinsi Nabothi alivyouawa kwa mashahidi wa uongo ili shamba lake la mizabibu liwe bustani ya mfalme. Msikilizaji wa kwanza wa zaburi hii aliposikia "nchi" alifikiri udongo na mipaka ya shamba la baba zake. Katika nchi kama Kenya, ambako familia nyingi zilihamishwa kwenye ardhi yao wakati wa ukoloni na ambako bado upo usemi kwamba tulifumba macho kusali na tulipoyafumbua ardhi ilikuwa imekwenda, kiongozi anayekimbilia mbinguni ndani ya dakika tano za kwanza atakuwa ameiondoa zaburi mikononi mwa watu wanaoielewa vizuri zaidi yake.

Baada ya hapo ndipo mfungue Mathayo 5:5, ambako Yesu anayachukua maneno ya Zaburi 37:11 kuhusu wenye upole. Neno la Kiebrania, kama lile la Kigiriki, laweza kumaanisha nchi fulani au dunia yote, kwa hiyo kamusi peke yake haitamaliza ubishi. Inafaa kuwaonyesha wanakikundi kwamba ubishi huu haukuanza na madhehebu ya leo. Miongoni mwa hati zilizopatikana katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, imo fafanuzi ya Zaburi 37 ambayo inadai kwamba warithi ni jumuiya ya Wayahudi walioiandika, waliojiita maskini, na urithi ni mlima mrefu wa Israeli. Nayo Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya sheria ya marabi wa Kiyahudi uliokamilishwa yapata mwaka 200 BK, inachukua ahadi iliyo sawa na hiyo katika Isaya 60:21 na kuifanya uthibitisho kwamba Israeli wote wana fungu katika ulimwengu ujao. Kwa hiyo Wayahudi wenyewe waliisoma ahadi ya nchi kwa namna zaidi ya moja.

Sasa chora jedwali lenye nafasi nne: nani anarithi, anarithi wapi, lini, na mstari wa pili ni upi. Usilijaze wewe. Mpe kila mshiriki aandike msimamo wa kanisa lake, na wewe usaidie pale tu anapokwama.

Shahidi wa Yehova hujaza upesi, kwa sababu mafundisho yake yamepangwa hivyo. Mstari wake wa pili ni Ufunuo 7, ambako wametajwa watu 144,000 na baadaye umati mkubwa usiohesabika. Wale wa kwanza, ambao pia huitwa "kundi dogo" kutokana na Luka 12:32, huenda mbinguni kutawala na Kristo, ilhali umati mkubwa, ambao pia huitwa "kondoo wengine" kutokana na Yohana 10:16, huishi milele katika Paradiso duniani. Maelezo haya ya umati mkubwa yalitolewa na J. F. Rutherford, kiongozi wa Mashahidi wa Yehova wakati huo, katika mkusanyiko wa Washington, D.C., mwaka 1935. Ukitaka kujadiliana naye kwa maana, uliza kwa nini Ufunuo 7:9 na 15 unauweka umati huo mbele ya kiti cha enzi na hekaluni. Atakuwa na jibu, na jibu hilo ndilo linalostahili kuchunguzwa, si Zaburi 37.

Msabato mara nyingi husingiziwa kwamba anangoja kukaa mbinguni milele. Mafundisho yake ni mengine: waliookolewa hukaa mbinguni miaka elfu ya Ufunuo 20, dunia ikiwa ukiwa na Shetani akiwa amefungwa humo bila mtu wa kumdanganya, kisha Yerusalemu mpya unashuka na dunia iliyofanywa upya inakuwa makao ya milele ya wenye haki. Kwa hiyo yeye na Shahidi wanakubaliana kuhusu mwisho wa safari kuliko wanavyodhani. Wanatofautiana hasa kuhusu miaka elfu na kuhusu hao 144,000.

Upande wa Wakatoliki na wengi wa Waprotestanti, historia ni ndefu. Ireneo, askofu wa Lyon mwishoni mwa karne ya 2, aliiweka ahadi hii kando ya Matendo 7:5, panaposemwa kwamba Ibrahimu hakupewa katika nchi hata pa kuweka mguu, akahitimisha kwamba ni lazima aipokee kwa kweli baada ya ufufuo. Augustino, mwanateolojia wa Afrika Kaskazini, zaidi ya miaka 200 baadaye, aliiweka kando ya Zaburi 142:5, "fungu langu katika nchi ya walio hai", na nchi ikawa uthabiti wa urithi wa milele ambamo roho hupumzika. Mstari mmoja, wasomaji wawili wakubwa, na kinachowatenganisha ni andiko lililo kando. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, kuanzia namba 1042, hufundisha tumaini la mbingu mpya na nchi mpya kwa kutegemea 2 Petro 3:13 na Warumi 8, na kwa hiyo Mkatoliki anayesema kwamba dunia haina nafasi yoyote katika tumaini lake hasemi mafundisho ya kanisa lake.

Wapo Wakristo wanaoifungamanisha ahadi hii na Mwanzo 17:8 na kuiona ikitimia katika taifa la Israeli la tangu 1948. Wajibiwe kwa kuwekewa Warumi 4:13, ambapo Paulo anamwita Ibrahimu mrithi wa ulimwengu, nao waeleze wanavyozisoma aya hizo mbili pamoja. Mahubiri ya kwamba aya hii inakuhakikishia kiwanja na hati mwaka huu sioni haja ya kuyapa muda mrefu. Aya ya 16 ya zaburi ileile yasema kidogo alicho nacho mwenye haki ni bora kuliko wingi wa mali wa wasio haki wengi.

Mahali kama Mombasa au Zanzibar, usishangae jirani Mwislamu akisema maneno haya anayajua. Qur'ani, sura ya 21 aya ya 105, inasema imeandikwa katika Zaburi kwamba ardhi watairithi waja wa Mungu walio wema. Wafasiri wa Kiislamu nao wametofautiana, baadhi wakiielewa kuwa ardhi ya Peponi kwa kuiweka kando ya sura ya 39 aya ya 74, wengine kuwa dunia hii, wengine kuwa nchi takatifu. Jedwali lako linamtosha naye pia.

Wakati wa majadiliano weka kanuni moja: hakuna anayepinga msimamo wa mwenzake kabla hajaueleza mpaka mwenyewe akakiri, "Ndivyo tunavyoamini." Kanuni hii huchelewesha somo, na mara nyingine huishia nusu ya jedwali. Afadhali iwe hivyo.

Swali ambalo litabaki ni kama dunia hii itafanywa upya au itaondolewa na kuletwa nyingine. Anayesema itaondolewa ataleta 2 Petro 3:10, yenye moto. Anayesema itafanywa upya atakuonyesha aya ya 6 ya sura hiyo hiyo, kwamba dunia ya wakati wa Nuhu "iliangamia" kwa maji ilhali ardhi yenyewe ilibaki, kisha ataongeza Warumi 8:21 kuhusu viumbe kuwekwa huru. Mimi naona hoja ya pili ina nguvu zaidi, ila usiitangaze kabla wengine hawajasema. Kwa kikao kijacho wape Isaya 65:17-25 wakaisome nyumbani. Humo mna mbingu mpya na nchi mpya, nyumba zinazojengwa, mizabibu inayopandwa na kuliwa na waliopanda, na katika aya ya 20 mna mtu anayekufa akiwa na umri wa miaka mia. Mwambie kila mmoja aje na maelezo ya kifo hicho, kwa sababu wanaokiweka ndani ya miaka elfu na wanaokiita lugha ya ushairi watalazimika wote kueleza kinafanya nini katika nchi mpya.