Kabla ya Usiku wa Fado: Mambo ya Kuzingatia Unapokwenda Alfama, Lisbon

Mtaa wa Alfama, katika mji mkuu wa Ureno, ulinusurika kwa kiasi kikubwa na tetemeko la ardhi la tarehe 1 Novemba 1755 lililoangusha sehemu kubwa ya Lisbon, na ndiyo maana vichochoro vyake bado vinafuata mpangilio wa enzi za utawala wa Waislamu, uliokoma mwaka 1147. Msafiri na alijue hilo kabla ya kufunga mizigo, kwa kuwa maandalizi mengi yanatokana nalo: magari hayafiki sehemu nyingi, ngazi ni nyingi, na kumbi za fado, muziki wa kuimbwa wa Ureno, zimepakana ukuta kwa ukuta na makazi ya watu wanaodamka kwenda kazini.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya ambamo Ureno imo. Maombi huwasilishwa mapema hata miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida si chini ya siku 15, yakiambatana na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Usingoje siku za mwisho, hasa ukikusudia kuwapo mwezi wa Juni, kwani usiku wa tarehe 12 kuamkia 13, sikukuu ya Mtakatifu Antonio, Alfama nzima hujaa moshi wa dagaa wakubwa wanaochomwa barabarani, muziki na umati usiopitika. Ni usiku wa furaha kubwa, lakini anayetaka kusikiliza fado kwa utulivu achague wiki nyingine.

Chukua viatu vyenye soli inayoshika, maana njia zimetandikwa vipande vidogo vya mawe ya chokaa vilivyolainishwa na nyayo za miaka mingi, na mvua kidogo tu huvifanya viteleze. Chukua pia adapta ya umeme, kwa sababu soketi za huko ni za pini mbili za mviringo.

Fado yenyewe inadai maandalizi ya namna yake. Muziki huu, ulioingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2011, huimbwa kwa kufuatana na gitaa la Kireno lenye nyuzi 12, mara nyingi bila vipaza sauti. Taa hupunguzwa, wahudumu husimamisha kazi, na ukumbi mzima hunyamaza. Aliyezoea taarabu, ambamo msikilizaji huinuka kumtuza mwimbaji wimbo ukiendelea, ajizuie hapa mpaka wimbo uishe ndipo apige makofi. Kuzungumza au kupita katikati ya meza wakati huo ni kumvunjia mwimbaji heshima. Weka nafasi mapema na uulize waziwazi kama kuna kiwango cha chini cha matumizi, kwa sababu kumbi nyingi hulipisha muziki kupitia chakula. Mkate, zeituni na jibini vinavyowekwa mezani bila kuagizwa si takrima: ukivila utavilipia, na usipovitaka unaweza kuvirudisha bila kumkwaza mtu. Ningependa kila mgeni apite kwanza Museu do Fado, makumbusho ya muziki huu yaliyo chini ya mtaa huo huo, alasiri ya siku hiyo, ili usiku asisikie sauti tupu tu, na pia aizoee njia kungali na mwanga.

Kwa fedha, gawanya ulizonazo na uache pasipoti mahali salama hotelini, ukibaki na nakala. Tramu namba 28, inayopanda kupitia Alfama, inajulikana kwa wachomoaji. Mkoba ukae kifuani.

Wanaotaka kuendelea hadi Bairro Alto, mtaa ulioanza kujengwa mwaka 1513, wajue kwamba baa zake ni ndogo na watu husimama nje, huku shamrashamra zikishika kasi karibu na usiku wa manane. Reli ya mteremko ya Glória, iliyokuwa ikipandisha watu huko, iliacha njia tarehe 3 Septemba 2025 na kuua watu 16, hivyo panga kupanda kwa miguu au kwa metro, treni ya chini ya ardhi, hadi kituo cha Baixa-Chiado. Vijana watakaokunong'oneza wakiuza bangi au kokeini, uwapite bila kuwajibu. Sheria ya mwaka 2001 iliondoa adhabu ya jinai kwa anayekutwa na kiasi kidogo cha matumizi yake, lakini haikuhalalisha dawa hizo, na kuziuza ni jinai.

Metro hufungwa saa 7 usiku. Kwa hiyo amua kabla ya kutoka kama utarudi kwa treni kutoka Santa Apolónia, kituo kilicho chini ya Alfama, au kwa teksi, na uandike anwani ya malazi yako kwenye karatasi, kwa kuwa simu inaweza kuzima. Ukipatwa na dharura yoyote, ya polisi au ya hospitali, namba ni 112.