Anza na salamu ya mhusika

Ukikwama kumjenga mhusika wa hadithi yako, andika kwanza jinsi anavyosalimia. Kijana anayemwambia baba yake wa kambo "Mambo?" badala ya "Shikamoo" ameshatufunulia ugomvi wa nyumba nzima, nawe hujaandika neno "hasira" hata mara moja. Mzee anayeitikia "Marahaba" bila kuinua macho kwenye kikombe cha kahawa, naye tumemjua.

Mimi hufuta majina yote kwenye mazungumzo, kisha nasoma kwa sauti. Nisipotambua nani anasema, najua wote wanazungumza kwa ulimi wangu, na hapo naandika upya. Sikiliza ndani ya daladala: konda, mwanafunzi na bibi mwenye kapu hawaombi kupishwa kwa maneno yaleyale.