Namna Mwanafunzi wa Afya Anavyoweza Kusema Linalompasa Akiwa Wodini

Mwaka 1966, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Charles Hofling, pamoja na wenzake walichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi wa fani za afya anapaswa kulifahamu. Mtu ambaye wauguzi hawakumjua alipiga simu wodini, akajitambulisha kuwa daktari na kuagiza mgonjwa apewe miligramu 20 za dawa ambayo kopo lake lilionyesha wazi kuwa kiwango cha juu kwa siku ni miligramu 10. Kati ya wauguzi 22, 21 walikuwa tayari kuitoa kabla hawajazuiwa, ingawa dawa yenyewe ilikuwa bandia, isiyo na madhara. Wanafunzi 21 wa uuguzi walipoelezwa hali hiyo hiyo darasani na kuulizwa wangefanya nini, wote walijibu kwamba wasingeitoa.

Wanafunzi wale hawakuwa waongo. Darasani hakuna cheo kinachosikika kwenye simu wala mtu anayesubiri majibu kwa haraka, na ndiyo maana nia njema peke yake haimsaidii mwanafunzi anapofika wodini. Uthubutu, yaani kueleza unachokiona na unachokihofia kwa uwazi bila kumvunjia mtu heshima, ni ujuzi wa kufanyia mazoezi kama ulivyo ujuzi wa kuchoma sindano.

Anza kwa kujua kinachokufunga mdomo wewe binafsi. Kwa wengi ni malezi: aliyekua akiambiwa kwamba kuhoji mkubwa ni utovu wa adabu hawezi kulivua fundisho hilo siku anapovaa koti jeupe. Kwa wengine ni alama, kwa kuwa msimamizi anayepaswa kuulizwa swali ndiye huyo huyo atakayejaza fomu ya tathmini. Wapo pia wasiojithamini, na wapo wanaonyamaza kwa sababu hawana hakika na wanachokijua, na hawa wa mwisho dawa yao ni kusoma, kwa kuwa anayekijua kiwango sahihi cha dawa huwa na pa kusimamia. Ukitaka kujipima, lipo dodoso la kupima uthubutu la mwanasaikolojia Spencer Rathus la mwaka 1973 lenye kauli 30, ambalo matokeo yake huanzia hasi 90 hadi chanya 90. Lichukulie kama kioo tu, kwa maana mtu mmoja anaweza kuwa msemaji mbele ya wenzake na bubu mbele ya daktari bingwa.

Kisha andaa maneno mapema, na hapa ndipo ninapokuomba utulie zaidi. Tuseme umeshika trei ya dawa. Jalada la mgonjwa limeandikwa kwa wino mwekundu kwamba ana mzio wa penisilini, na karatasi ya dawa inasema amoksisilini. Usiseme, “Sijui kama hii ni sawa,” kwa sababu kauli hiyo hupita bila kusikika. Sema: “Samahani, Daktari. Nina wasiwasi na dawa hii. Jalada linaonyesha mgonjwa ana mzio wa penisilini, na amoksisilini imo katika kundi hilo hilo. Naomba tusimpe kwanza mpaka tuhakikishe.” Hapo umetaja wasiwasi wako, ushahidi na ombi, wala hujamshutumu mtu.

Ukipuuzwa, rudia mara ya pili kwa maneno mazito zaidi: “Daktari, hili linahusu usalama wa mgonjwa.” Kanuni ya kusema mara mbili ilitoka kwa marubani na sasa hufundishwa hospitalini, ikishindikana mara zote mbili, usiitoe dawa hiyo, bali mwendee msimamizi wa zamu mara moja.

Maneno haya yatamke kwa sauti pamoja na mwenzako, mmoja akiigiza mkubwa mwenye haraka na hasira, mpaka ulimi uyazoee. Anza na mambo madogo ya kila siku, kama kumkumbusha mwenzako kunawa mikono au kuomba agizo la simu lirudiwe huku ukiliandika.

Itatokea siku utakuwa umekosea: pengine mgonjwa alishapimwa upya na kuthibitika hana mzio, ila jalada halijarekebishwa. Jibu, “Asante, nimeelewa,” na uombe jalada lisahihishwe siku hiyo hiyo. Ukikemewa mbele ya watu, usijibizane kando ya kitanda. Maliza kazi, kisha mwombe msimamizi dakika chache faraghani umweleze ulichokiona.

Kwa wasimamizi nina ombi moja. Mnapoanza zamu, mwambieni mwanafunzi kwa jina lake, “Ukiona kitu hakiko sawa, nisimamishe,” na siku atakapowasimamisha, mshukuruni mbele ya wenzake hata kama hakuwa sahihi, kwa kuwa wote waliopo wodini wanatazama jinsi mtakavyompokea.