Somo: Takwimu za korosho za AMCOS, kutoka mizani hadi malipo

Msimu ukifunguliwa Oktoba, karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima cha kuuza mazao) huku Tandahimba, Newala au Nachingwea ana kazi moja kubwa: kila kilo iliyoingia ghalani iwe na mwenyewe. Tarakimu moja ikikosewa, malipo yanakwama benki au yanamfikia mtu mwingine, na mkulima anaambiwa arudi wiki ijayo. Haki yake iko kwenye ule mstari wako.

Hatua ya 1: Kila mpimo na mstari wake. Mkulima akileta mara tatu, kilo 62.5, 48 na 71, andika mistari mitatu. Ile 181.5 itajumlishwa na kompyuta. Weka tarehe, namba ya risiti ya mizani, namba ya mwanachama, jina, daraja, unyevu, idadi ya magunia, kilo pamoja na gunia, na kilo halisi. Kwenye seli ya kilo andika namba tupu. Ukiandika "62.5kg", Excel, programu ya majedwali, inaichukua kama maneno na kuiruka kwenye mjumuko bila kukushtua.

Uzito wa gunia usikisie. Pima magunia 10 matupu kwa pamoja, gawa kwa 10. La juti huwa karibu kilo 1, kwa hiyo ukisahau kulitoa, magunia 300 yanakuletea kilo 300 za hewa.

Hatua ya 2: Namba za utambulisho ziwe maandishi. Badilisha aina ya kolamu kabla hujaanza kuchapa. Vinginevyo simu inayoanza na 07 inapoteza sifuri yake. Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ndiyo hatari zaidi: ina tarakimu 20, Excel inashika 15 za kwanza tu na kugeuza tano za mwisho kuwa sifuri. Ukishahifadhi, hazirudi tena, labda uwafuate wakulima na vitambulisho vyao.

Hatua ya 3: Jumlisha kwa namba ya mwanachama. Mohamedi, Mohamed na Muhamedi kwa kompyuta ni watu watatu. Namba yenye herufi, mfano M0417, inaondoa utata huo.

Hatua ya 4: Linganisha na stakabadhi ya ghala kuu, yaani risiti ya kilo lilizopokea kutoka kwenu, kila lori, siku hiyohiyo. Hapa ndipo pa kutulia. Tuseme daftari lako lina kilo 24,180, ghala limepokea 24,060. Pungufu ni 120, kama asilimia 0.5. Anza na idadi ya magunia. Likikosekana moja la kilo 80, umepata sehemu kubwa ya jibu. Kisha tafuta tarakimu zilizogeuzwa: 73 ikiandikwa 37 tofauti ni 36, na tofauti ya kosa hilo moja hugawanyika kwa 9. Hiyo 120 haigawanyiki, basi kosa si hilo peke yake. Mwisho angalia unyevu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Kwetu zilipimwa unyevu asilimia 12, ghalani 10, kilo zikapungua. Nani kazila?*

Marahaba. Piga hesabu: 1,000 × 88 ÷ 90 = 978. Katika kila kilo 1,000, kilo 22 ni maji yaliyokauka. Upungufu ukizidi hapo, mwiteni mwenye ghala kabla lori lingine halijapakia.

*Orodha ya malipo tuibandike ubaoni?*

Bandikeni namba ya mwanachama, kilo na kiasi cha fedha, ili kila mtu ajihakikishie. Simu, akaunti na NIDA vibaki ofisini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihusu na AMCOS.

*Umeme ukikatika siku ya mizani?*

Daftari la karatasi lisiondoke mezani hata kompyuta ikiwaka. Chapa jioni ileile, mmoja asome, mwingine achape, kisha mbadilishane kuhakiki. Nakala iwekwe kwenye flashi mbili, moja ikalale kwa mwenyekiti.