Kuelezea jicho la mtu kwa Kijapani bila kujiharibia

Kama unajifunza Kijapani na unataka kumsifia mtu anavyoangalia, usikimbilie neno metsuki (目つき). Mimi nilikimbilia. Kamusi iliniambia ni namna mtu anavyotazama, basi nikamwandikia mwalimu wangu kwamba metsuki yake inanikosha, akacheka kidogo halafu kimya. Kumbe hilo neno mara nyingi linaelemea ubaya, metsuki ga warui ni mtu mwenye jicho la shari, yule mkikutana kwenye ngazi unampisha mwenyewe. Ukitaka ule utazamaji wa upole, kama bibi anavyomwangalia mjukuu akila, sema yasashii manazashi. Ila lina harufu ya kitabuni, usilitupetupe kwenye chati.

Sasa utamu wenyewe uko hapa, unachukua me (jicho), unaweka ga (kineno cha kuonyesha kiima), unamalizia na kitenzi. Me ga oyogu, macho yanaogelea, yaani mtu hana pa kuyaweka, muulize mweka hazina hela ya kikoba iko wapi utaona. Me ga waratte inai, mdomo unacheka lakini macho hayacheki, hiyo mi huwa inanitisha kuliko hasira. Halafu kuna shinda sakana no me, macho ya samaki aliyekufa, ni kwa mtu aliyekata tamaa na kila kitu. Hii mtu wa pwani haelezwi mara mbili, pita sokoni mchana umwangalie samaki aliyelala mezani tangu alfajiri, jicho limezama ndani lina ukungu mweupe, ndo hilohilo.

Kwa kitenzi miru (kuangalia) ongeza tu sauti mbele: jirojiro miru ni kumkodolea mtu juu mpaka chini bila haya, chiratto miru ni kuiba jicho mara moja, jitto miru ni kutulia naye bila kupepesa. Kumkazia macho kwa hasira ni niramu, basi.

Uwamezukai watu wanaitafsiri kurembua, mi nakataa. Kurembua ni kulegeza kope, hii ni uso umeinama kidogo macho yanapanda juu, kama mtoto anayeomba hela ya ice cream.

Mwalimu nilimwandikia tena, safari hii nikaweka manazashi kwa hiragana, zile herufi zao za sauti. Akanirudishia na kanji yake tu (herufi za asili ya Kichina), 眼差し, na kialama cha tabasamu.